Hewa ya Juu Haijatulia, Babu

Babu,

Kuna jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, si Mama, si Bibi, wala Neema ninayekaa naye dawati moja shuleni. Nilijua makala yako ina kosa wewe ukiwa bado hai. Nilijua, na nikakusomea kosa hilo kwa sauti ukiwa umekaa kwenye kiti chako barazani, kisha nikanyamaza.

Shikamoo. Nilipaswa kuanza na shikamoo, lakini niliogopa kwamba nikianza na salamu nitaishia kwenye salamu, kama kawaida yangu.

Ilikuwa Septemba. Mtoto wa jicho alikuwa ameshakufunga macho yote mawili na miguu ilikuwa imevimba, huendi tena mpaka getini. Kila Jumamosi baada ya chai uliniambia nichukue simu ya Mama nikusomee "ile yetu." Ile yetu ilikuwa makala ya stratosfia, lile tabaka la hewa lililo juu ya mawingu, kwenye kamusi elezo ya mtandaoni, uliyoiandika ulipostaafu kazi ya kupima hali ya hewa. Ulisema kituoni mlijua mambo mengi, ila yote yalikaa kwa Kiingereza ndani ya makabati, na ulitaka angalau moja litoke nje. Nilikuwa mdogo, sijui hata kama nilikuwa nimeanza darasa la kwanza. Tulikwenda wote kwenye duka la intaneti karibu na soko, wewe unaandika kwa kidole kimoja, mimi nakutafutia herufi. Herufi ya Z ilikuwa yangu. Kila ulipofika kwenye neno "mzunguko" ulisimama ukanitazama, nami nikaibonyeza.

Wiki ile ya Septemba nilikuwa nimesoma kitabu kimoja kwenye maktaba ya shule. Wewe uliandika hivi: "Hewa ya stratosfia imetulia katika matabaka yake. Haipandi wala haishuki, na upepo wa huko haubadiliki." Kitabu kilisema inapanda. Kilisema inashuka pia, na upepo wa huko unageuka kabisa. Nilisoma ukurasa ule mara tatu nikitumaini kwamba Kiingereza ndicho kimenichanganya.

Jumamosi ikafika. Nikakusomea kama siku zote. Kwenye sentensi ile nilijifanya nakohoa. Ulisubiri nimalize, ukauliza, "Hakuna aliyeigusa?"

Nikasema hakuna, Babu, iko vilevile ulivyoiacha.

"Miaka yote hii," ukasema.

Nikadhani umefurahi. Ukatikisa kichwa, ukaomba maji ya kunywa, nikaenda kuyachota. Wiki tatu baadaye tulikupeleka Mkuyuni kwenye makaburi ya ukoo wenu.

Sijui kama marehemu anauona msiba wake mwenyewe, kwa hiyo nitakusimulia kidogo. Watu walikuwa wengi mpaka majirani wakatoa mikeka yao. Kabla hujasaliwa alifika Mama Tatu, mtani wetu Mzaramo, yule mwenye mgahawa barabarani. Hakulia wala hakutoa pole. Alipita moja kwa moja chumbani kwako, akatoka amevaa koti lako la mvua, la kijani, linamfika miguuni, na mkononi ameshika faneli ya jikoni. Akasimama katikati ya wanaume, akalamba kidole, akakiinua juu, akatazama mbingu muda mrefu sana. Halafu akatangaza, "Leo ni jua tupu," na papo hapo akammwagia Mjomba Shabani kikombe kizima cha maji mgongoni.

Watu walicheka mpaka wengine wakashika nguzo. Akaendelea. Alisema marehemu alimwambia siku ya harusi yake haitanyesha, naye akaolewa kwenye matope, gauni jeupe likawa la udongo, na kwamba leo amekuja kudai maelezo. Mjomba huku anakamua shati akasema Babu hakuwahi kutabiri, alikuwa anapima tu mvua iliyokwisha kunyesha. Mama Tatu akamjibu, "Basi ndiyo maana. Alikuwa anajua mvua ikishatulowesha."

Bibi, ambaye tangu alfajiri hakuwa amesema neno, alijifunika kanga usoni na mabega yakamtetemeka. Nilidhani analia. Nilipomsogelea nikakuta anacheka. Jambo hilo nimelifikiria sana tangu siku ile. Makosa yako, hata yale ambayo hukuyafanya, yalitajwa mbele ya watu wote na wewe umelala ndani, na sikuona mtu hata mmoja aliyekupenda pungufu.

Sasa nikupe habari za nyumbani. Kipimamvua chako bado kiko pale pale uani, kwenye nguzo yake fupi. Mjomba alitaka kukihamisha ajenge banda la kuku. Unakumbuka Bibi alivyokuwa anakiita "mke mdogo," akisema unakitazama kuliko unavyomtazama yeye? Huyo huyo alisimama mlangoni na mwiko mkononi akamwambia Mjomba banda atajenga kwake Kihonda. Kuku wenyewe hawakisogelei tena. Anawafukuza kwa majina.

Tatizo lilikuwa saa. Ulinifundisha mvua inapimwa saa tatu kamili asubuhi, wala si saa tatu na nusu, wala si mtu akipata nafasi. Saa tatu mimi niko darasani. Bibi anaweza kumimina maji lakini mistari ya ile glasi ya kupimia haioni. Tukakaa tukapatana hivi: saa tatu redio ikianza taarifa ya habari, yeye anamimina maji ya kipimamvua kwenye chupa ya soda, anaifunga kizibo, anaiweka chini ya benchi la jikoni. Mimi nikirudi napima na kuandika. Siku za masika nimekuta chupa tatu zimepangwa, ya Jumatatu, ya Jumanne na ya Jumatano, kwa sababu nilikuwa na mitihani. Anazitofautisha kwa rangi ya uzi aliofunga shingoni. Mara moja tu mambo yaliharibika. Mama alikuja na kiu ya kazi, akaona chupa, akaosha vyombo kwa maji yake. Bibi alinieleza kwa uso wa mtu aliyetoka mahakamani. Nikaandika kwenye daftari: "Alhamisi, mvua ilinyesha, haikupimwa." Naamini ungekubali. Ulisema afadhali pengo la kweli kuliko namba ya kukisia.

Nakuja kwenye lile lililonifanya nikuandikie.

Februari, Madam wetu wa Jiografia alifika kwenye mada ya angahewa. Anafundisha kwa Kiingereza kama inavyotakiwa, lakini akituona tumekodoa macho tu anageukia Kiswahili. Siku hiyo alitoa simu mfukoni akasema amepata makala nzuri ya Kiswahili, imeandikwa na mtu anayeonekana anaijua kazi, na kwamba ni hiyo moja tu aliyoipata kwa lugha yetu. Akaanza kuandika ubaoni. Niliijua kabla hajamaliza mstari wa kwanza. Babu, sijui nielezeje. Kifua kilinijaa. Maneno yako yalikuwa ubaoni kwa chaki nyeupe, na darasa zima lilikuwa limeinama linayanakili. Halafu akafika kwenye "Hewa ya stratosfia imetulia."

Baraka, ambaye kila darasa lina mmoja wa namna yake, akauliza, "Madam, imetulia kama Juma?" Juma alikuwa amelala juu ya dawati. Watu wakacheka, Juma akaamka akaanza kunakili kutoka katikati. Na mimi nikanakili. Niliandika kwa mwandiko mzuri kabisa jambo ambalo nilijua si kweli, kwa mara ya pili nikanyamaza. Nilijiambia nikinyoosha mkono nitakuwa namvua nguo babu yangu mbele ya watu. Lakini nilipowatazama wenzangu walivyopiga mistari chini ya sentensi ile, kwamba ni ya muhimu, nikaona aibu nyingine, kubwa zaidi. Wataijibia mtihani.

Jumamosi ile nilichukua simu ya Mama nikaenda kukaa kwenye kiti chako. Nikafungua makala, nikabonyeza pale pa kuhariri, nikafuta sentensi yako. Pakabaki nafasi nyeupe. Nilijisikia kama nimekutoa kwenye kiti chako na kukikalia, na kwa kweli nilikuwa nimekikalia. Nikairudisha. Jumapili nikafuta tena, nikarudisha tena. Wiki mbili nilifanya hivyo bila kuhifadhi chochote.

Aliyeniokoa ni Bibi, na yeye mwenyewe hajui.

Nilikuwa nimekaa jikoni mchana nahamisha vipimo vya wiki kwenye daftari kubwa. Nikakosea. Mvua ilikuwa milimita ishirini na moja, nikaandika kumi na mbili. Neema alikuwa ameniazima wino mweupe wa kufutia, nikautoa kwenye mkoba nikafungua. Bibi alikuwa anachambua mchele. Hakuinua hata kichwa. "Harufu gani hiyo? Hicho kitu kisiguse daftari la babu yako. Angekukata mkono."

Nikakumbuka mara moja. Ulinifundisha nikiwa darasa la tatu, ukiwa umenishika mkono wenye kalamu. Kwenye daftari la kituo hakuna kufuta. Ukikosea unakata namba kwa mstari mmoja tu mwembamba, ili atakayekuja aweze kuisoma ile ya kwanza, kisha unaandika sahihi juu yake, na pembeni unaweka herufi za jina lako ili ajue nani amesahihisha. Nikachukua rula, nikakata kumi na mbili, nikaandika ishirini na moja, nikaweka H.R.

Bibi akaniuliza nimefanyaje, nikamweleza. Akaacha mchele. Akasema mwisho wa kila mwezi madaftari ya kituo yalikuwa yanapelekwa Dar kwa mkaguzi, na yalirudi na alama za kalamu nyekundu pale palipokosewa. Wenzio wakiona wekundu walinuna. Wewe ulikuwa unakuja na la kwako nyumbani, unakaa barazani, unacheka peke yako.

"Likirudi safi ndiyo ananuna," akasema. "Siku mbili hasemi na mtu. Nikamwambia, wewe mwanaume una ugonjwa gani, si ndiyo umepatia yote? Akaniambia, 'Hawajalisoma, mama Shabani. Hakuna mtu anayepima mwezi mzima asikosee. Nimewaandikia mwezi mzima na hakuna aliyesoma.'"

Akarudi kwenye mchele wake. Mimi nilikaa na kalamu mkononi, na nilikusikia tena, wazi kabisa, kama uko barazani. Hakuna aliyeigusa? Miaka yote hii.

Hukuwa umefurahi, Babu. Ulikuwa unauliza kama kuna mtu amekusoma. Na aliyekusoma kuliko wote alikuwa amekaa mbele yako, na kalamu nyekundu anayo, akaenda kukuletea maji.

Nililia, nitakuwa mkweli. Lakini hakikuwa kile kilio cha Oktoba. Nilifuta uso nikamsaidia Bibi mchele, na mchana ule ule nikaomba ufunguo wa sanduku lako la bati ili nione madaftari yale yenye wekundu.

Humo ndimo nilimokuta kile kidaftari chako kidogo chenye jalada la bluu, cha enzi ulipokuwa kijana unarusha puto uwanja wa ndege Dar. Sikuwahi kukiona. Umeandika jinsi mlivyolijaza gesi, jinsi lilivyokuwa linavuta mkono, jinsi kifaa chini yake kilivyokuwa kinatuma vipimo kwa redio mpaka puto lipasuke huko juu. Na kwenye ukurasa mmoja umeandika: "Upepo wa juu kabisa leo unatoka magharibi. Mwaka jana mwezi kama huu ulitoka mashariki. Kifaa?" Ukurasa unaofuata una mstari mmoja tu. "Nimeambiwa ni kifaa."

Babu, hakikuwa kifaa.

Ule ndio mgeuko wenyewe uliomo kwenye kitabu. Juu ya ikweta na maeneo ya karibu kama yetu, upepo wa stratosfia unavuma kutoka mashariki kwa mwaka na zaidi, halafu unageuka na kutoka magharibi, halafu unarudi tena. Mzunguko wote unachukua kama miaka miwili na miezi kadhaa. Mgeuko unaanza juu sana na kushuka polepole, tabaka kwa tabaka. Wewe uliuona kwa macho yako ukiwa na umri ambao si mkubwa sana kuliko wangu. Ukaambiwa hukuona, ukanyamaza, na ulipozeeka ukaandika ulichofundishwa badala ya ulichokiona. Nilicheka, nisamehe. Nilikuwa siku zote najiuliza huu unyamavu wangu nimeurithi kwa nani.

Nikaanza kazi. Imenichukua Jumamosi tano. Kusoma kulikuwa rahisi kuliko kuandika, kwa sababu vitabu vinasema kwa Kiingereza na mimi nilitaka Bibi aelewe. Kila aya niliyoimaliza nilimsomea yeye. Akikunja uso, naandika upya.

Nimeandika kwamba hewa ya stratosfia ina safari. Inaingia kutoka chini juu ya nchi za joto, juu yetu sisi, na kupanda taratibu mno. Huko juu inaelekea kwenye ncha za dunia, kaskazini na kusini, na huko inashuka. Safari hiyo inachukua miaka. Ndiyo maana ozoni, ile gesi inayotukinga na miale mikali ya jua, hutengenezwa kwa wingi juu ya nchi za joto, lakini iliyorundikana zaidi hukutwa mbali na sisi, karibu na ncha. Inasafirishwa. Bibi alisikiliza hapo akasema, "Kama ndizi za Kinole. Zinaota kwetu, zinaliwa Dar." Sikuiandika, lakini sijapata mfano mzuri zaidi.

Kilichonisumbua ni kinachoisukuma. Ni mawimbi. Hewa ikigonga milima, au mawingu makubwa ya ngurumo yakipanda, inatikisika, na mtikisiko huo hupanda mpaka juu ambako hewa ni nyepesi, ukakua na kuvunjika. Ukivunjika unausukuma au kuuzuia upepo wa huko, na hapo ndipo hewa inapolazimika kuhama. Niliandika sentensi hiyo mara nane. Halafu niliinua macho nikautazama Uluguru uliovuta wingu lake kama kila mchana, nikafikiri kwamba hata mlima huu wetu unatikisa hewa kidogo, na kwamba wewe ulikaa miaka yote unapima kile kinachoanguka kutoka kwenye mawingu yake, wakati kuna kitu kingine kilikuwa kinapanda.

Yaliyo sahihi kwenye makala yako sikuyagusa. Matabaka yapo, ulisema kweli. Huko juu joto linaongezeka kadiri unavyopanda, kwa hiyo hewa haichanganyiki haraka kama ya huku chini. Kosa lilikuwa kudhani kwamba kilicho cha polepole hakiendi. Na aya yako ya puto imebaki neno kwa neno: "Huondoka mkononi likiwa pana kama mwavuli mkubwa, na hupasuka likiwa kubwa kama nyumba." Hakuna kitabu kilichoieleza hivyo.

Nilijaribu pia kukuingiza. Niliandika kwamba mpimaji mmoja wa Dar aliuona mgeuko wa upepo na kuandika kwenye kidaftari chake. Siku ya pili mtu nisiyemjua, mhariri mwenzangu wa mtandaoni, aliiondoa na kuniachia ujumbe wa heshima kwamba kila jambo linahitaji chanzo kilichochapishwa, na kidaftari cha nyumbani hakitoshi. Nilikasirika mpaka nikashindwa kula. Kisha nikajiuliza wewe ungesemaje ukiletewa namba isiyo na sahihi ya mtu. Nikamjibu kwamba nimeelewa. Aliniambia sehemu nyingine yote ni nzuri, ila nimesahau vyanzo kwenye aya ya ozoni. Yaani naye alinisoma, Babu. Nilicheka peke yangu barazani, na Bibi akanitazama kwa namna ambayo nadhani alikuwa akikutazama wewe.

Na hiki ndicho nilichotaka zaidi ukijue. Kwenye makala ile kuna mahali panahifadhi kila toleo lililowahi kuandikwa. Ukibonyeza unaiona ya kwanza kabisa, yako, nzima, na sentensi yako ipo, na jina ulilojiandikisha lipo. Toleo langu liko juu yake, na jina langu pembeni. Hakuna kilichofutwa. Ni mstari mmoja mwembamba, na ya kwanza inasomeka.

Ijumaa iliyopita niliihifadhi, na vyanzo vyote vimo.

Sina mengi zaidi. Mama hajambo, amepunguza kahawa. Kiti chako tumekigeuza kidogo kiangalie mlimani, kwa sababu mimi naona. Mama Tatu akipita anauliza kwa sauti kama mzee ameshatuma salamu kuhusu mvua za huko aliko.

Naahidi haya. Nitapima, na Bibi na chupa zake watanisaidia. Nikikosea, kosa langu litasomeka. Na nikiona jambo nikaambiwa sikuliona, nitaliandika, halafu, hili ndilo gumu, nitalisema.

Pumzika, Babu. Mwenyezi Mungu akuweke mahali penye kivuli, na pawe na uwazi wa kutosha kutazama mawingu.

Mjukuu wako,
Hidaya

Jumanne jioni.

Nilikuwa nimeikunja barua hii niiweke kwenye sanduku lako, nimeifungua niongeze.

Jana nilikwenda ofisi ya walimu wakati wa mapumziko. Nilikuwa nimeandika kwenye karatasi nitakachosema, na nilipofika mbele ya Madam nikampa karatasi. Akaisoma, akafungua simu yake, akasoma makala yote mpya nikiwa nimesimama. Akauliza nani ameibadilisha, nikasema mimi. Akauliza nani aliiandika mwanzo, nikasema babu yangu. Akasema, "Basi kesho utakuja mbele."

Leo kipindi cha nne aliandika ubaoni ile sentensi ya zamani, akanipa chaki na dasta, akaenda kukaa nyuma kwenye dawati la Juma. Nikaweka dasta mezani. Nikaikata sentensi yako kwa mstari mmoja.

"Dasta hiyo hapo, Hidaya," Baraka akasema. "Au unaogopa vumbi?"

Nikamwambia, "Inatakiwa isomeke." Ilikuwa sauti ndogo, lakini waliokaa nyuma walisikia, kwa sababu Madam aliniambia niendelee.

Nikaeleza. Nilianza na puto, nikamalizia na ndizi za Kinole. Kisha nikaandika juu ya ule mstari: "Hewa ya stratosfia huzunguka polepole, na upepo wake hugeuka," na pembeni nikaweka H.R. Wakanakili vyote, sentensi yako, mstari, sentensi yangu na zile herufi mbili. Nikarudi kwenye dawati, nikaazima rula ya Neema, nikaikata na kwenye daftari langu.